Stika ya Saba kwenye Kasha la Tatu

Jumatano, 2 Aprili

Idd imeisha, biriani limeisha, nimerudi kazini nimeshiba na kazi zimejaa. Harusi nne zinasubiri kuedit, na Saba bado anapika ile ya kwanza tangu jana.

Saba ni kompyuta yetu, na kupika ni kule kuitoa video iliyokwisha kuunganishwa iwe faili moja la kumpa mteja. Jina amelitoa Mzee Tarsis, bosi wangu, kwa ajili ya ile stika ya bluu ya prosesa ya i7 iliyobandikwa usoni pa kasha. Aliinunua miaka kumi na minne iliyopita, mpya kabisa, na mpaka leo anaipangusa kwa leso yake ya mfukoni. Ukimsikiliza yeye, enzi hizo wapiga video wa harusi wa Kariakoo walikuwa wanapanda ngazi zetu kuja kuishangaa tu.

Tatizo kamera zimekua, Saba hajakua. Kamera yetu mpya inabana picha kwa namna ambayo prosesa ya zamani, ubongo wa Saba, haijui kuifungua. Inalazimisha, inatafuta pumzi, feni linanguruma mpaka mteja anauliza kama tuna jenereta humu ndani. Harusi ya saa mbili inapikwa kwa saa kumi na tatu, na umeme ukikatika katikati unaanza upya na bismillahi.

Leo nimemwambia kwa mara ya ishirini. "Mzee, tubadilishe prosesa. Hata i3 ya siku hizi inamwacha huyu mbali."

Akavua miwani. "Sitara, mimi nina miaka sitini na moja. Nitoke saba nirudi tatu? Wewe ulimwona wapi mtu anasoma hivyo?"

"Siyo madarasa, Mzee."

"Mteja hajui kama siyo madarasa. Akiuliza mlangoni mna i ngapi, nimjibu tatu? Siku hiyo ndiyo siku ya kufunga duka."

Na hapo pa kufunga duka ndipo panaponiuma. Mkataba wa chumba chetu, ghorofa ya pili Mtaa wa Sikukuu, unaisha tarehe 31 Mei. Ameshasema, masika hii isipoleta kazi ya maana hauhuishi. Anarudi Marangu kwenye migomba yake. Anasema kwa upole, kama mtu anayeaga kwenda msalani. Mimi nimekaa kwenye kiti hiki miaka sita, na kazi nyingine siijui wala siitaki. Naandika kwenye kaunta buku hili nisije nikajikana kesho: chumba hiki hakifungwi.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Umeme umekatika Saba akiwa asilimia themanini na tatu. Nimetoa maneno ambayo mtu aliyefunga mwezi mzima hatakiwi kuyatoa.

Ijumaa, 4 Aprili

Idrisa ni fundi kompyuta, kibanda chake kiko chini ya ngazi za jengo letu. Leo mezani kwake kulikuwa na i3 mpya anaijaribu, nikapanda juu kuchukua dakika kumi za harusi kwenye flashi.

"Watu wanasoma namba ya kwanza tu," Idrisa akasema. "i7, i5, i3, basi wameshamaliza. Hawaulizi kizazi. Huyo wenu ni kizazi cha pili. Huyu wangu ni cha kumi na mbili. Kapishana naye miaka kumi na moja, dada yangu. Wote wana viini vinne, na kwenye karatasi mwendo wao karibu sawa. Sasa wape kazi."

Tukawapa kazi ileile, dakika zilezile kumi. Nilishika saa ya simu mwenyewe ili nisidanganywe na mtu. Saba, juu: saa moja na dakika nne. Ile ndogo, chini: dakika tisa.

Nikajua nimekosea faili. Nikarudia. Dakika tisa, na feni hata halikupandisha sauti, na umeme inakula kidogo kuliko Saba. Nilikaa pale kwenye kindoo cha Idrisa nikaona hasira zinanipanda. Usiku wangu wote ule wa miaka miwili, tangu kamera mpya ije, jamani.

"Mangi hatakubali," nikamwambia. Mangi ndivyo mtaa mzima unavyomwita Mzee Tarsis, kwa Uchaga wake.

"Basi iweke ndani ya kasha lilelile. Mangi si anasoma stika? Stika haitatoka."

Idrisa alikuwa anatania. Mimi sikucheka.

Jumapili, 6 Aprili

Nimefanya.

Zamu yangu ya mchezo wa kupeana pesa na akina mama wa jengo ilitoka Ijumaa, nikaichukua yote, nikanunua ile i3. Mzee Tarsis Jumapili yuko kanisani na kwaya mpaka saa nane. Saa tatu asubuhi Idrisa alikuwa juu na bisibisi. Alitoa utumbo wote wa Saba, mazabodi, yaani ubao mkuu, na prosesa yake, ramu, na kadi kama tatu zilizojaa vumbi, akauweka kwenye boksi la mashati. Akafunga mazabodi mpya na ile i3. Malipo yake ni huo utumbo wa zamani. Sikuuliza kadi za nini. Nilikuwa naangalia mlango tu.

Kasha ni lilelile, mkwaruzo wake uleule, stika yake ileile. Ya ndani nimeipa jina la Tatu, lakini jina hilo nalijua mimi, Idrisa na daftari hili.

Jumatatu, 7 Aprili

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mbona kimya? Saba kaharibika?"

"Tumemsafisha vumbi, mimi na Idrisa."

Alisogeza sikio mpaka kwenye kasha. Halafu nikamwonyesha harusi ya kwanza imekwisha, na ya pili imefika nusu, na ilikuwa saa nne asubuhi. Mzee Tarsis alicheka mpaka akakaa. "Vumbi! Miaka yote hiyo ni vumbi tu, na wewe unataka kuniletea i3!"

Nikasema ndiyo, Mzee, ni vumbi.

Alhamisi, 10 Aprili

Amewaambia wauza vitenge wa chini, wapagazi, na baba mwenye nyumba. Wote wanajua Saba amezaliwa upya. Harusi zote nne zimeshachukuliwa.

Jumamosi, 12 Aprili

Leo ndiyo siku. Amekuja bibi harusi mtarajiwa, Caroline, na mjomba wake Hillary ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya harusi. Hillary ni mtu wa kusimama hata akiwa amekaa. Ndoa ni tarehe 26, Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka. Kuvunja kamati ni Jumamosi inayofuata, tarehe 3 Mei, ukumbi wa Ilala: wale waliochangisha wanakutana mara ya mwisho, wanakula, wanatazama video, kamati inavunjwa.

"Mwaka jana," Hillary akasema, "kwa mdogo wangu, tulivunja kamati tukitazama ukuta. Video tuliletewa mtoto ameshazaliwa. Sasa sikiliza, Mangi. Ukoo wetu una harusi sita mwaka huu. Hii ikienda sawa, zote ni zako. Ikichelewa, ukiniona njiani usinisalimie."

Harusi sita. Mzee Tarsis alinitupia jicho, na mimi nikamtupia la kwangu. Hiyo ndiyo kodi ya chumba, inazungumza.

"Mashine mnayo lakini? i ngapi?"

"Saba!" Mzee akalipiga kasha kofi la upendo. Hillary akainama, akaisoma stika, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Caroline peke yake ndiye aliyeniangalia mimi. "Dada, wewe ndiye unayeedit?" Nikamwambia ndiyo. "Basi nakutegemea wewe," akasema taratibu.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Jangwani, bondeni inapopita barabara ya kuja mjini, pamefungwa, mto umepanda barabarani. Mzee Tarsis anakaa Kimara, hajafika. Nimefanya kazi peke yangu kwa raha zangu.

Jumanne, 22 Aprili

Mzee ametoka Pasaka na mfuko wa ndizi mshare na nyama ya mbuzi kwenye hotpoti. "Hii mama Nice kakupakulia wewe, si mtu mwingine." Mama Nice ndiye mkewe. Nikala. Ilipofika ndizi ya tatu akasema, "Nimefikiri. Tukipata zile sita, nanunua Saba wengine wawili. Mtaa wa Aggrey wapo, i7 kabisa, kizazi kama cha huyu wetu. Vijana hawajui wanachokitupa."

Nikairudisha ndizi kwenye hotpoti. Atatoa akiba yake kununua vile ambavyo mimi nimempa fundi kama malipo, na atafanya hivyo kwa ajili ya uongo wangu. Nikamwambia tusubiri harusi ipite. Nilipanga kumwambia yote tarehe 4 Mei, kazi ikiisha, akiwa na furaha. Ndivyo mwoga anavyopanga ratiba.

Jumamosi, 26 Aprili

Harusi. Mvua ilikatika saa saba kamili, kama imealikwa. Kamera tatu, kila kitu tumepata. Caroline alipendeza mpaka mimi mwenye moyo mgumu nikapiga kigelegele. Hakula kitu tangu asubuhi mpaka keki. Kila sahani ikija anaisukuma, anaogopa kuchafua gauni. Shangazi zake wakambembeleza wakachoka.

Mzee Tarsis akaninong'oneza, "Mtoto huyu nilimpiga video ya komunyo ya kwanza. Mama yake alikuwa hai." Kisha akarudi kwenye kamera yake.

Jumatatu, 28 Aprili

Saa tano Caroline kaja peke yake, kiatu kimoja kimejaa maji.

"Shikamoo, baba. Mjomba kaniambia ulinipiga mkanda wa komunyo mwaka 2005."

"Marahaba, mwanangu. Nilikupiga."

"Mama alifariki mwaka 2009. Picha zake ninazo." Akawa anakung'uta mwavuli ambao hauna maji tena. "Sauti yake sina. Nimeisahau, baba. Nikijaribu kuikumbuka nasikia ya shangazi."

Mzee Tarsis alipanda juu ya kigoda, akashusha sanduku la bati ambalo mimi miaka yote nilijua lina nyaya. Limejaa kanda ndogo za kamera, kila moja ina jina kwa mwandiko wake. Akazipekua kwa kidole kama mtu anayetafuta ukurasa kwenye misale, kile kitabu cha misa, mpaka akaitoa. *Komunyo. Caroline.*

"Kamera yake ninayo nyumbani, inafanya kazi," akasema. "Na Saba ana kadi yake mgongoni, ile yenye tundu la kuvutia kanda. Niliifunga kwa mkono wangu. Kesho tunaivuta iingie kwenye kompyuta. Jumamosi utamsikia mama yako mbele ya kamati nzima."

Caroline alimshika mikono yote miwili. Mimi nilikuwa naangalia kasha. Kadi tatu zenye vumbi. Boksi la mashati. Ya Rabi.

Alipotoka tu nikashuka ngazi mbili mbili. Idrisa akakuna kichwa. "Ule utumbo niliufunga kwenye kasha jingine, nikauza wiki ileile. Kwa dada mmoja, Shamsa, ana stationery Magomeni."

"Na ile kadi ya kanda?"

"Imo humohumo. Na usihangaike kutafuta nyingine, mazabodi yako mpya haina mlango wa kadi za namna ile."

Nilihangaika. Maduka sita, mitaa ya Aggrey na Likoma. Wa kwanza kanipa kadi ya intaneti. Wa nne kaita wenzake waje wanicheke. Namba ya Shamsa haipatikani.

Jumanne, 29 Aprili

Mzee Tarsis kawahi kufika kabla mvua haijaanza, na kamera ya zamani kwenye mkoba wa ngozi. Kaifungua, kaipuliza, kautoa waya wake uliokunjwa vizuri na mpira wa nywele. Akasogeza meza, akaanza kuinama nyuma ya kasha na ule mgongo wake.

Nilikuwa nimepanga uongo wa njiani. Kadi imekufa. Panya. Umeme. Nilimwona anashika kiuno ili ainame, nikashindwa.

"Mzee, usiiname. Tundu halipo."

Akabaki vilevile, nusu kainama. Nikamwambia yote. Jumapili, bisibisi, boksi la mashati, dakika tisa. Nilimwambia kwamba hilo alilolipiga kofi mbele ya Hillary ni i3.

Alinyooka polepole. Nilitegemea kelele. Mzee Tarsis akikasirika husema Kichaga, na sijui maana yake lakini huwa inapita. Safari hii aliongea Kiswahili, taratibu.

"Kwa hiyo mwezi mzima nimekaa nasifia bati."

"Mzee..."

"Nimewaambia wapagazi. Nimemwambia mwenyekiti. Na wewe ulikuwa hapo unaniangalia." Akakunja waya, akaufunga na mpira wake. "Ungenipigia kelele, Sitara. Ungenipigia kelele mpaka nikubali. Umeona rahisi kunifanya mjinga."

Akachukua kamera akashuka. Kanda aliiacha mezani.

Nimelia, naandika bila kuona aibu. Nilikuwa namwona mzee mkaidi anayependa stika. Kumbe nami nilikuwa natazama stika yake tu, mzee, Mangi, haelewi, basi. Sikumpa hata dakika tisa. Ningemshusha kwa Idrisa siku ile, nikamshikisha saa mkononi, angeona kwa macho yake. Sikumshusha kwa sababu nilitaka kushinda bila kubishana.

Haya, kulia kumetosha. Jumamosi ni siku nne.

Jumatano, 30 Aprili

Mzee hakuja. Simu anaikata. Jangwani pamefungwa tena. Kutoka huku kwenda Magomeni ni hapo tu pa kuvuka, lakini leo maji ya kahawia mpaka kwenye kingo. Nikapanda bodaboda nikazungukia daraja la Salenda na Kinondoni, koti la mvua juu ya baibui, kanda nimeifunga mifuko mitatu nikaiweka kifuani.

Shamsa nimempata. Mama wa makamo, mkali, wanja mpaka kwenye nyusi. Na juu ya meza yake, kwenye kasha jeupe, lile feni. Nilianza kulisikia tangu barazani. Miaka sita nimelichukia, leo nusura nilikumbatie.

"Siuzi," akasema kabla sijamaliza. "Mitihani ya shule mbili imo humo. Na hii ni i7, dada, usidhani sijui." Kweli alikuwa na stika mpya, zile zinazouzwa karatasi nzima nzima.

"Sitaki kuinunua, dada Shamsa. Nataka saa moja nayo, hapahapa, ukiwa unaniona."

Nikamweleza habari ya Caroline na sauti. Alisikiliza huku anapiga kopi. Alipomaliza akazima mashine ya kopi.

"Kesho Mei Mosi, nafunga. Njoo saa tatu. Ukiharibu mtihani hata mmoja, utausahihisha wewe."

Mashine ninayo, kanda ninayo. Kamera iko Kimara kwa mtu asiyepokea simu yangu. Nikamwandikia ujumbe: *Mzee, Saba nimemwona, mzima, Magomeni kwa dada Shamsa, nyuma ya sheli ya mafuta. Kesho saa tatu. Kosa ni langu, si la Caroline.*

Hajajibu.

Alhamisi, 1 Mei

Saa tatu nilikuwa barazani kwa Shamsa. Saa tatu na nusu. Saa nne. Shamsa akaniletea chai, hakuniuliza kitu, na hapo ndipo nilipojua sura yangu ikoje. Nilikuwa nahesabu matone ya mabati.

Saa nne na dakika ishirini akatokea kwenye kona Mzee Tarsis, suruali kaikunja mpaka magotini, viatu mkononi, mkoba wa ngozi kauvika mfuko wa nailoni, kaukumbatia kifuani kama mtoto mchanga.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Hakuniangalia. Akamsalimia Shamsa vizuri, akafuta miguu, akaingia. Akapitisha mkono juu ya kile kikasha cheupe, akasikiliza feni. "Ni yeye," akasema.

Tundu lilikuwepo mgongoni. Akachomeka waya mwenyewe. Kanda hizi hazina haraka, saa moja ya kanda unaivuta saa moja kamili, uwe na prosesa ya namna gani. Tukakaa watatu kwenye viti vya plastiki tukatazama. Watoto kwenye mstari, soksi nyeupe, padri, kanisa, mikono imeunganishwa. Picha ilikuwa inatikisika mwanzoni. "Hapo nilikuwa sijala," akasema, akiiambia kompyuta.

Dakika ya arobaini na moja, nyumbani kwao, ua umejaa watu. Mwanamke wa kitenge cha kijani, mwiko mkononi, akakatiza mbele ya kamera. Akaongea. Shamsa akasema "Mtume!" na kuziba mdomo. Mimi nilisimama bila kujua. Sitaandika hapa aliyoyasema, Caroline ndiye wa kwanza.

Kanda ilipoisha, nikiwa naihamishia kwenye flashi, Mzee alinigeukia kwa mara ya kwanza.

"Hiyo tatu yako. Wanasema dakika tisa?"

"Dakika tisa, Mzee. Saba ni saa moja na nne."

"Uliwapima kwa kazi moja?"

"Ileile. Nilishika saa."

"Lakini hii tatu yako isingeiweza," akaionyesha kanda.

"Isingeiweza."

"Haya. Kesho nitashika saa mimi." Akavaa viatu. "Na sijakusamehe bado. Nataka ulijue hilo."

Nikasema nimelijua.

Ijumaa, 2 Mei

Kashika saa. Kavuta kiti, miwani puani, tangu saa moja asubuhi. Nimeunganisha mpaka saa nane, tukaanza kupika. Saa nane na nusu umeme ukakatika. Enzi za Saba betri ya akiba ilikuwa inatuachia dakika nne za kuaga. Leo ilipiga kelele dakika kumi na tatu, Tatu akaendelea kupika taratibu, Mzee kaganda kama anatazama penalti, na ya kumi na nne umeme ukarudi.

Saa kumi na dakika tano, harusi nzima ya saa mbili, imekwisha. Mzee akaitazama saa yake, akaigonga kwa kidole, akaipeleka sikioni.

"Aisee," akasema. Basi, hilo tu. Lakini alipotoka alinunua karanga mbili, moja akanipa.

Jumamosi, 3 Mei

Ukumbi wa Ilala, watu kama themanini. Wamekula, wameserebuka, Hillary ameshukuru kila mtu kwa jina. Nikabonyeza.

Harusi ikaenda, wakacheka kwenye ya kuchekesha, wakapiga vigelegele. Mwisho kabisa giza dogo, kisha ule ua wa mwaka 2005. Caroline wa miaka tisa kasimama pembeni na gauni jeupe, sahani mbele yake hajaigusa. Kitenge cha kijani kikaingia.

"We mpiga picha, zima kwanza hiyo, mtoto wangu hajala," mama akasema, na mwiko akaielekeza kamera. Akageuka. "Karo, njoo ule. Njoo ule, mama. Gauni litafuliwa."

Shangazi mmoja akasema, "Yesu wangu," kwa sauti ndogo. Caroline alikuwa amejishika mdomo kwa mikono yote miwili, mabega yanatikisika, sikujua analia au anacheka mpaka alipotoa mikono, na yalikuwa yote mawili. "Tena," akaniambia. "Dada, tena." Nikarudisha. *Gauni litafuliwa.* Nimeirudisha mara tano. Baada ya hapo shangazi yake alimletea sahani ya wali, na alikula yote, na gauni lake la leo pia lilikuwa jeupe.

Hillary alikuja mezani kwetu macho mekundu, akakohoa kikubwa. "Mangi. Mmeweka heshima. Hiyo Saba yenu ni mashine."

Nilitazama chini. Mzee Tarsis akasimama.

"Mwenyekiti, ziko mbili. Saba ndiye aliyemtoa mama kwenye kanda, sasa hivi yupo Magomeni kwa dada Shamsa. Iliyopika harusi yako ni i3. Imo ndani ya kasha la Saba, nami nilikuwa sijui. Mwenye nayo ni huyu Sitara."

"i3?" Hillary akanigeukia, akamgeukia Mzee. "Tatu hiyo?"

"Tatu. Kizazi cha kumi na mbili. Nimeshika saa mwenyewe."

Hillary alituangalia mmoja mmoja, kama anatafuta aliyekosea. Kisha akavuta kiti akatoa kijitabu cha tarehe za harusi.

Jumatatu, 5 Mei

Nimefika, nimemkuta Mzee Tarsis kapiga magoti mbele ya kasha, anakwangua stika kwa ukucha. Imebaki alama ya gundi, mraba mdogo. Amenikataza kugusa. Alikuwa ameshatoka kwa baba mwenye nyumba: mkataba umehuishwa, mwaka mmoja.

"Nimeongea na Shamsa," akasema akiwa bado chini. "Siku akipata nyingine, Saba anarudi nyumbani. Sanduku lile lina kanda mia moja na zaidi, na kina Caroline wako wengi." Halafu akasema, "Siku nyingine ukitaka kunidanganya, nidanganye kwenye nauli."

"Sitaki kukudanganya tena, Mzee."

"Nami sitaki."

Saa tano akapanda kijana mmoja na mchumba wake, harusi yao Juni. Kabla hata ya salamu akachungulia kasha. "Samahani, mashine yenu i ngapi?"

Nilimwangalia Mzee. Akaendelea kufuta gundi. "Mwambie mwenyewe," akasema.

"Tatu," nikamwambia.

Kijana akakunja uso, akamshika mchumba wake mkono kama wanaotaka kutoka. Mzee Tarsis akainuka kwa kushika meza, akavuta viti viwili, akavipangusa kwa ile leso yake, akavua saa mkononi na kumpa kijana aishike.

"Kaeni," akawaambia. "Kaeni dakika tisa tu."